Milioni Moja ya Kulazwa, Elfu Hamsini ya Vipimo: Tathmini ya Bima Binafsi za Afya Kisumu na Nakuru

Wakala wa bima ya afya akiingia dukani kwako Oginga Odinga Street, Kisumu, au ofisini kwako Kenyatta Avenue, Nakuru, nambari anayoitanguliza ni kikomo cha kulazwa: nusu milioni, milioni moja, milioni mbili. Hiyo ndiyo inayomfanya mtu atie saini. Lakini kwenye dirisha la bima la hospitali ya binafsi, mara chache utamsikia mtu akigombania ile milioni. Watu wanagombania ECG (kipimo cha umeme wa moyo), skani, na ada ya daktari wa nusukaputi aliyeonwa Jumatatu kwa upasuaji wa Alhamisi.

Tathmini hii haihusu kampuni moja. Inahusu huduma yenyewe jinsi inavyouzwa Nakuru na magharibi mwa Kenya, tena kipande kimoja tu: siku zilizo kati ya daktari kusema "hii itabidi itolewe" na mgonjwa kuingizwa thieta. Upasuaji wenyewe, kitanda na dawa za wodini kwa kawaida hulipwa bila matata mara barua ya idhini inapotoka, na kwa hilo bima hizi zinastahili sifa. Zile siku za kabla ndizo zenye shida. Shida hiyo haitokani na mhudumu mmoja mkaidi. Imo ndani ya mkataba, na karibu kila mara iliandikwa pale kabla mgonjwa hajaugua.

Bima ya kawaida ina mifuko miwili: wa kulazwa, ambao ni mkubwa, na wa matibabu ya nje, ambao ni mdogo na mara nyingi familia nzima inauchangia. Kanuni ya dirishani ni kwamba kipimo kilichofanywa kabla mgonjwa hajapewa kitanda kinakatwa mfuko wa nje, hata kama kisingefanywa kabisa lau si upasuaji. Chukua mgonjwa mwenye rovu, uvimbe wa tezi ya shingo. Bei zifuatazo ni za mfano, lakini mwendo wa hesabu ndio huu. Mfuko wa nje ni Sh50,000, na watoto wamekwisha kutumia Sh18,000 kwa malaria na kikohozi. Zimebaki Sh32,000. Daktari bingwa mara mbili, Sh8,000. Homoni za tezi, TSH na FT4, Sh5,000. Ultrasaundi ya shingo, Sh4,500. Kuchomwa sindano kwenye uvimbe ili chembe zake zichunguzwe, Sh9,000. Daktari wa masikio, pua na koo kuangalia nyuzi za sauti, Sh6,000. Damu kamili, kreatinini na kalisiamu, Sh5,500. ECG, Sh2,500. Jumla ni Sh40,500, na mgonjwa anatakiwa kutoa Sh8,500 taslimu huku milioni yake ya kulazwa haijaguswa hata shilingi.

Hakuna kipimo cha anasa katika orodha hiyo. Tezi ikikatwa wakati homoni ziko juu, mgonjwa anaweza kupata mlipuko wa homoni unaokimbiza moyo hadi kuhatarisha maisha. Nyuzi za sauti huangaliwa kabla kwa sababu mshipa wa fahamu unaoziendesha unapita nyuma ya tezi, na ukijeruhiwa sauti hukwama. Kalisiamu hupimwa kwa sababu tezi ndogo zinazoisimamia zimeshikana na hiyo inayotolewa. Daktari makini hawezi kuviruka vipimo hivi, na bima haibishi kwamba vinahitajika. Ugomvi ni wa mfuko tu.

Kwa hiyo unapolinganisha bima, fungua mkataba wenyewe, wala si kipeperushi, utafute aya ya gharama za kabla ya kulazwa. Utaikuta katika sura tatu. Ya kwanza haisemi lolote, na kimya hicho dirishani husomwa kuwa mfuko wa nje. Ya pili inasema gharama za ugonjwa uleule ndani ya siku kadhaa kabla ya kulazwa, mathalani 14 au 30, zitahesabiwa pamoja na kulazwa. Ya tatu inakataa wazi: vipimo na mashauriano yanayotangulia kulazwa si sehemu ya kulazwa. Sisi tungelipa ada kubwa kidogo kupata sura ya pili, hata kama kikomo cha kulazwa kingeshuka.

Sura ya pili nayo ina mtego. Siku huhesabiwa kurudi nyuma kutoka tarehe ya kulazwa, si kwenda mbele kutoka tarehe ya kipimo. Yule mgonjwa wa rovu mwenye homoni za juu hunywa dawa ya kuzishusha kwa wiki kadhaa kabla ya kupasuliwa. Kufikia siku ya upasuaji, kipimo cha sindano na ultrasaundi vimekwisha kutoka nje ya zile siku 30. Muulize wakala moja kwa moja: "Upasuaji ukiahirishwa kwa sababu ya kiafya, siku zinaongezwa?" Jibu likiwa ndiyo, liombe kwa barua pepe.

Baadhi ya wagonjwa hushauriwa walazwe siku moja au mbili mapema ili vipimo viingie mfuko mkubwa. Usifanye hivyo. Mikataba mingi ina kipengele kinachokataa kulazwa kwa ajili ya uchunguzi tu, na mkaguzi wa madai wa bima akiona siku nzima ya wodi isiyo na dawa wala matibabu, ataikata yote, kitanda pamoja na vipimo. Kulazwa jioni ya kuamkia upasuaji, kukiwa na sababu iliyoandikwa, kama vile sukari inayohitaji kusimamiwa usiku, ni jambo tofauti na hupita.

Sasa tuje kwenye vipimo vinavyokataliwa kabisa, bila kujali mfuko. Hapa lawama inagawanyika. Zipo hospitali zenye paketi moja kwa kila mtu: damu kamili, figo, ini, kuganda kwa damu, eksirei ya kifua, ECG, mkojo. Kijana wa miaka 24 mwenye ngiri na asiye na ugonjwa mwingine anapewa sawa na mzee wa miaka 70 mwenye shinikizo la damu. Bima ikiikata ile eksirei, ina hoja. Mwongozo wa 2016 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, uitwao NG45, unasema eksirei ya kifua isifanywe kama desturi kabla ya upasuaji, na HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya damu, isipimwe kama desturi kwa asiye na kisukari kilichogunduliwa. Mwenye kisukari ndiye anayepimwa, ikiwa hajapimwa katika miezi mitatu iliyopita. Mwongozo huo huamua kwa mambo mawili: ukubwa wa upasuaji, na daraja la ASA, kipimo cha madaktari wa nusukaputi cha hali ya mgonjwa. ASA 1 ni mzima, ASA 2 ana ugonjwa mdogo uliodhibitiwa, ASA 3 ana ugonjwa mzito.

Dawa ya ugomvi huu ni sentensi moja kwa kila kipimo, imeandikwa na daktari kwenye fomu. "Vipimo vya kabla ya upasuaji" ni maneno yanayoalika kukataliwa. Linganisha na haya: "ECG: shinikizo la damu tangu 2019, anatumia amlodipini, ASA 2, ECG ya mwisho zaidi ya miezi 12." Mkaguzi wa madai hana pa kushika. Huku kwetu kuna kipimo kimoja ambacho mwongozo wa Uingereza unakitegemeza kwenye historia ya familia, nacho ni cha selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu. Kanda ya ziwa ina watu wengi wenye chembeuzi hiyo, na upungufu wa oksijeni, baridi au kukaukiwa maji thietani huweza kuchochea chembe kujikunja. Daktari akiandika "mgonjwa ni wa kanda ya ziwa, hali yake ya selimundu haijulikani, mguu utafungwa mkanda wa kuzuia damu," kipimo hicho kimejieleza hata kwa mkaguzi aliyeketi Nairobi.

Kuna kosa lingine lisiloonekana na mgonjwa: msimbo. Hospitali nyingi huandika ugonjwa kwa misimbo ya ICD-10, orodha ya kimataifa ya magonjwa, na kompyuta ya bima huusoma msimbo kabla mtu hajasoma fomu. Karani wa maabara akiweka Z00, msimbo wa uchunguzi wa jumla, kipimo kinakataliwa papo hapo kama ukaguzi wa kawaida wa afya. Akiweka I10, shinikizo la damu, kwa sababu ndilo lililomfanya daktari aagize ECG, kipimo kinakatwa kikomo kidogo cha magonjwa sugu. Kinachotakiwa kitangulie ni msimbo wa ugonjwa unaopasuliwa: K40 kwa ngiri ya kinena, D25 kwa fibroidi, E04 au E05 kwa tezi ya shingo, K80 kwa mawe ya nyongo, N40 kwa tezi dume iliyovimba. Hayo mengine yafuate kama nyongeza. Kabla hujaweka kidole kwenye mashine ya kadi, omba uonyeshwe ankara na msimbo wake. Kuusahihisha wakati huo ni kazi ya dakika chache kwa karani. Ankara ikishatumwa huchukua wiki.

Mtoto wa jicho una kisa chake. Kupima urefu wa jicho ili ijulikane lenzi ya nguvu gani itawekwa ni sehemu ya upasuaji, lakini kwa kuwa kinafanywa kliniki ya macho, mara nyingi hukatwa kikomo cha miwani. Ankara iseme H25 na jina la upasuaji, isiseme "uchunguzi wa macho".

Halafu kuna swali dogo kwenye fomu ya idhini lililowaharibia wengi: dalili zilianza lini? Mgonjwa husema kwa mazoea, "Aa, ni kitambo, kama miaka mitatu," daktari anaandika miaka mitatu, na bima iliyonunuliwa miezi kumi na minane iliyopita inajibu kwamba ugonjwa ulikuwepo kabla. Upasuaji unakataliwa, na vipimo vyote vilivyotangulia vinafuata. Hatushauri mtu adanganye; mkataba wa bima umesimama juu ya kusema kweli, na kuficha kunaweza kuubatilisha wote. Tunashauri usahihi. Tofautisha mambo matatu: uliona nini kwanza na lini, ulimwona daktari lini, ugonjwa ulitajwa kwa jina lini. Kuumwa tumbo 2022 na mawe ya nyongo kuonekana kwenye ultrasaundi ya 2025 si tarehe moja. Soma fomu kabla haijatumwa. Angalia pia vipindi vya kusubiri, kwa sababu bima za mtu binafsi mara nyingi huweka mwaka mzima kwa maradhi kama fibroidi, ngiri na tonsili, na daktari anayeagiza vipimo hana habari ya mkataba wako.

Mashauriano yana mantiki yake. Kumwona daktari mpasuaji mara ya kwanza ni mfuko wa nje, na hilo ni haki. Kumwona daktari wa nusukaputi ndiko kunakozua vita. Bima husema ukaguzi wa kabla ya nusukaputi umo ndani ya ada yake ya siku ya upasuaji. Hospitali, hasa ikiwa daktari huyo ana kliniki yake, hutoza ada tofauti. Wote wawili wanaweza kuwa sahihi kwa mikataba yao, na mgonjwa ndiye anayebaki katikati. Uliza swali moja mapema: "Ada hii imo kwenye makadirio ya upasuaji au ni ya pembeni?" Ikiwa imo, usiilipe mara mbili. Kuna pia barua ya daktari wa magonjwa ya ndani kwamba moyo au sukari ya mgonjwa inaruhusu upasuaji. Ikiitwa "ripoti" au "cheti" kwenye ankara, itakataliwa, maana ripoti hazilipiwi. Ikiitwa mashauriano, na kweli mgonjwa amepimwa na dawa zake kurekebishwa, hulipwa. Jina liwe la kazi iliyofanyika.

Umbali ni jambo ambalo vipeperushi vya Nairobi havigusi. Mgonjwa wa Bondo, Busia au Homa Bay hupasuliwa Kisumu, lakini ultrasaundi yake ilifanywa kwao, kwenye kituo ambacho pengine hakimo katika orodha ya bima. Hapo hulipa mwenyewe na kudai arejeshewe. Weka risiti halisi yenye jina la mgonjwa na kila kipimo na bei yake, nakala ya ombi la daktari, nakala ya majibu, na fomu ya madai yenye saini na muhuri. Risiti iliyoandikwa "huduma za maabara, Sh7,000" hairudi na kitu. Ujue pia kwamba marejesho hufuata bei za orodha ya bima, si ulizotoa, na yana mwisho wake wa siku. Kwa watu wa vijijini, urefu wa orodha ya vituo una thamani kuliko nyongeza ya nusu milioni kwenye kikomo. Omba orodha ya kaunti yako na uhesabu vituo vyenye ultrasaundi na maabara, si zahanati tu.

Kuhusu SHA, bima ya afya ya serikali, kwa ufupi: tangu ilipochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, mikataba mingi ya binafsi inataka SHA yako iwe hai, na sehemu yake hukatwa kwanza kwenye bili ya kulazwa. Michango ikiwa na pengo, sehemu hiyo inakuangukia wewe. Hakikisha wiki mbili kabla.

Mchakato wa idhini ukiendeshwa vizuri ni mfupi. Tuma mapema kuliko saa 48 au 72 ambazo bima nyingi hutaka kwa upasuaji wa kupangwa. Siku saba za kazi ni salama zaidi, kwa kuwa swali moja la mkaguzi hula siku mbili. Kifurushi kiwe na fomu, ripoti ya daktari mpasuaji, majibu ya vipimo vilivyothibitisha ugonjwa, makadirio yanayotenganisha ada ya mpasuaji, ya nusukaputi, thieta, kitanda na vifaa, pamoja na orodha ya vipimo vilivyobaki. Hiyo orodha ndiyo watu husahau. Kipimo kikitajwa ndani ya ombi la idhini na barua ikatoka bila kukikataa, una cha kushika. Barua ikifika, soma mambo manne: kiasi, tarehe ya mwisho, vilivyotolewa nje, na kama inasema "idhini ya sehemu". Idhini ya sehemu maana yake utaombwa pesa mlangoni.

Kuchelewa kwa idhini kuna gharama ambayo bima hukataa kuibeba, na tunaona hilo si haki. Damu ya kulinganisha kwa ajili ya kuongezewa huchukuliwa karibu na upasuaji. Kwa aliyewahi kuongezewa damu au kuwa mjamzito ndani ya miezi mitatu, sampuli hutumika kwa siku tatu tu. Idhini ikichelewa wiki, sampuli imekwisha, inachukuliwa mpya, na bima inaandika "kipimo kimerudiwa". Njia ni kutochukua sampuli hiyo mpaka barua iwe mkononi, na kama ilikwisha kuchukuliwa, kuhifadhi tarehe za mawasiliano zinazoonyesha nani alichelewa.

Ukikataliwa, usikubali jibu la simu wala la dirishani. Omba barua inayotaja kipengele cha mkataba kwa nambari. Madai mengi hufufuka hapo, kwa sababu "haijafunikwa" ni rahisi kusema na ni vigumu kuandikia nambari. Kisha mpe daktari barua hiyo ajibu hoja ya kitabibu peke yake, nawe ujibu ya mkataba. Barua moja inayochanganya yote mawili hupotea kati ya idara. Kwa bima ya mwajiri, mpitie afisa wa rasilimali watu na dalali, maana wao ndio wenye mkataba kamili na ndio wanaoweza kuomba malipo ya hiari nje ya mkataba. Kampuni ikishikilia msimamo wake, malalamiko yanakwenda kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA, yakiwa na mkataba, barua ya kukataliwa na mawasiliano yote kwa mfuatano wa tarehe. Ibara ya 46 ya Katiba inampa mteja haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidi huduma, na ni vizuri kuitaja pale unaponyimwa nakala ya mkataba wa kundi. Kwa kiasi kisichozidi Sh1,000,000 ipo pia Mahakama ya Madai Madogo, ambayo sheria inaitaka imalize kesi ndani ya siku 60.

Kwa maoni yetu, bima ya kundi ya mwajiri inafaa kwa jambo hili kuliko ya mtu binafsi, kwa kuwa vipindi vya kusubiri huwa vifupi au vimeondolewa na kuna mtu wa kukusemea. Mtu binafsi mwenye afya anayenunua ya kwake atafute aya ya siku 30 na mfuko wa nje usiopungua Sh100,000 kwa familia ya watu wanne. Bima ya kulazwa pekee, inayouzwa kwa bei nafuu kwa wafanyabiashara wadogo, inafaa tu kwa mwenye akiba ya pembeni ya vipimo. Bila akiba hiyo ana ruhusa ya kupasuliwa lakini hana njia ya kufika thieta.

Na kama upasuaji si wa haraka na bima inahuishwa karibuni, mwulize mpasuaji kama vipimo vilivyobaki vinaweza kungoja mfuko wa nje ujae upya. Akikubali, ombi la idhini nalo litumwe baada ya tarehe hiyo, maana barua ya mwaka uliokwisha haivuki.